Fundi Anajibu: Diski ya nje inayokatika kwenye kompyuta ya prosesa nyingi

Mwezi huu nimeweka pamoja barua tatu zinazohusu diski za nje za USB, au eksteno kama wengi tunavyoziita, kwenye kompyuta zinazotumia Linux na zenye prosesa zaidi ya moja au viini vingi (viini ni sehemu za prosesa ambazo kila moja hufanya kazi yake). Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu dalili zake ndizo ninazoziona mara nyingi zaidi mezani kwangu hapa Arusha.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni kijana ninayepiga video za harusi, sendofu na kipaimara, na ofisi yangu iko Kiboriloni, Moshi. Mwaka huu nilinunua kompyuta ya mtumba yenye prosesa mbili, kila moja ikiwa na viini vinane, pamoja na RAM ya gigabaiti 32, nikaiwekea Linux ili kazi ya kuhariri iende haraka. Mashine ilikuja na poti za USB 2.0 pekee, kwa hiyo nikanunua kadi ya USB 3.0 na kuichomeka ndani. Tatizo langu ni diski ya nje ya terabaiti mbili, ile ndogo isiyo na adapta. Nikinakili faili moja ndogo haina shida. Nikianza kunakili folda ya harusi nzima, huku programu ya kuhariri ikiendelea kutoa video nyingine, baada ya dakika tano au kumi diski inapotea, kisha inarudi kwa jina jingine, na faili ninazozikuta ndani zimekatika nusu. Kwenye laptopu yangu ya zamani yenye prosesa moja diski hiyohiyo inafanya kazi bila wasiwasi. Wenzangu wengine wananiambia Linux haipatani na prosesa mbili, wengine wanasema diski imekufa, niifomati. Naomba ushauri kabla ya Desemba, maana watu wakirudi nyumbani shughuli zitakuwa nyingi. Mpiga video, Moshi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Neno la kwanza ni hili: usiifomati. Diski inayofanya kazi kwenye laptopu haijafa, na kuifomati kutazifuta picha za harusi za watu bila kugusa chanzo cha tatizo. Iunganishe na laptopu, toa nakala ya kila kitu usichoweza kukipiga tena, ndipo uanze uchunguzi kwenye kompyuta kubwa ukiwa na moyo uliotulia.

Hilo la Linux kutopatana na prosesa mbili nalikataa. Linux imekuwa ikitumia prosesa zaidi ya moja tangu toleo la 2.0 la mwaka 1996. Ni kweli kwamba katika miaka ile kerneli, yaani moyo wa mfumo, ilikuwa na kufuli moja kubwa lililozuia prosesa mbili kuingia ndani yake kwa wakati mmoja, na kadiri kufuli hilo lilivyovunjwa kuwa makufuli madogo madogo ndivyo makosa yaliyojificha kwenye draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, yalivyojitokeza, zikiwamo za USB. Lakini kazi hiyo ilifika mwisho mwaka 2011, mabaki ya kufuli lile yalipoondolewa katika toleo la 2.6.39. Kama umeweka Linux ya miaka ya karibuni, draiva ya diski za USB iliyomo humo inatumika kila siku kwenye mashine zenye viini vingi, kwa kuwa hata simu nyingi za mkononi leo zina viini vinane.

Kinachobadilika kwenye mashine yako ni mzigo. Laptopu ya viini viwili inaposoma, kuhariri na kuandika, inajichelewesha yenyewe, hivyo diski inapata nafasi ya kupumua kati ya amri moja na nyingine. Viini 16 havimpi mtu nafasi hiyo: kimoja kinasoma folda ya harusi, vingine vinatoa video, na vyote vinaikabidhi diski maombi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mota inazunguka na mkono wa kusomea unaruka huku na huko bila kupumzika, na umeme unaohitajika unakaa juu muda wote. Kebo dhaifu, umeme pungufu au chipu hafifu ndani ya kasha la diski vinaweza kuvumilia laptopu kwa miaka, vikashindwa kwenye mashine yako siku ya kwanza.

Sasa usikilize kerneli inasema nini, kwa sababu haifichi. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika sudo dmesg -w, iache dirisha hilo wazi pembeni, kisha anza kunakili kama kawaida hadi diski ikatike. Mistari itakayotokea sekunde ile ndiyo ushahidi wako. Ukiona maneno "USB disconnect" peke yake, bila malalamiko yoyote kabla yake, maana yake ni kwamba kompyuta imeona kama vile mtu amechomoa waya, na hapo mara nyingi ni umeme au kebo. Ukiona neno "reset" likirudiwarudiwa, likifuatiwa na "I/O error" na namba ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski, kerneli imetuma amri, imesubiri, haikujibiwa, na imejaribu kuiamsha diski upya. Subira hiyo kwa kawaida ni ya sekunde 30, na ndiyo sababu dirisha la kunakili husimama nusu dakika nzima kabla ya kukuletea habari mbaya. Namba hasi nazo zina maana: -71 ni mawasiliano yaliyoharibika njiani, jambo linalonielekeza kwanza kwenye kebo na viungio, na -110 ni muda wa kusubiri uliokwisha. Hilo la diski kurudi kwa jina jingine lisikutishe. Ilikuwa sdb, imekatika wakati mfumo bado umelishikilia jina hilo, hivyo iliporudi imepewa sdc.

Kwa maelezo yako, mimi ningeanza na ile kadi. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu wa kasha na uitazame kwa karibu. Kadi nyingi za USB 3.0 zina kiungio cha umeme upande wa nyuma, karibu na ukingo unaoelekea mbele ya kasha: ama ni kile chembamba cheusi kinachofanana na cha diski za ndani za SATA, ama ni kile cheupe cha pini nne kubwa. Kiungio hicho hakikuwekwa kwa urembo. Tundu la PCI Express ambamo kadi imechomekwa linatoa volti 12 na volti 3.3, halitoi volti 5, wakati USB inahitaji volti 5. Kuna kadi zinazojigeuzia umeme huo zenyewe, na kuna nyingine zinazojigeuzia kidogo tu na kutegemea waya kutoka kwenye pawasaplai kwa kilichobaki. Waya huo ukiachwa bila kuchomekwa, kadi inaonekana nzima, kipanya kinafanya kazi, flashi inafanya kazi, ila diski yenye mota inapoanza kuvuta umeme wake volti zinashuka. Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo kutoka Usa River, ikiwa imeshabadilishiwa diski mara mbili. Nilipima kwa mita kwenye poti: volti 4.9 bila kitu, na diski ilipoanza kunguruma mita ikateremka hadi 4.3, ukasikika mlio mmoja mkavu wa mkono wa kusomea ukirudi mahali pake, kisha kimya. Waya wa pawasaplai ulikuwa unaning'inia sentimita chache tu kutoka kwenye kiungio, umefungwa kwa mpira na haujaguswa tangu mashine itoke kiwandani.

Kanuni za USB zinaipa diski milliampia 500 kwenye poti ya USB 2.0 na 900 kwenye USB 3.0. Diski ndogo za inchi 2.5 zinaweza kuvuta karibu ampia nzima kwa muda mfupi zinapoanza kuzunguka. Ndiyo maana sikushauri uihamishie diski yako kwenye poti za mbele za kasha, ambazo umeme wake unapita kwenye waya mwembamba mrefu, wala kwenye habu isiyo na adapta yake. Kama kadi haina kiungio cha umeme, au pawasaplai haina waya uliobaki, nunua habu ya USB 3.0 inayochomekwa ukutani na uipitishie diski humo.

Baada ya umeme, kebo. Diski yako bila shaka ina ile soketi pana yenye sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo pembeni. Sehemu ndogo ndiyo inayobeba nyaya za kasi za USB 3.0, na ni dhaifu. Ukibeba diski kwenye mkoba ikiwa na kebo yake imechomekwa, kutoka Moshi hadi Rombo kwenye barabara ya milima, soketi hiyo inalegea kidogo kidogo. Andika lsusb -t uone mwendo wa diski: 5000M ni USB 3.0, 480M ni USB 2.0. Ikiwa leo inasomeka 5000M na kesho 480M ukiwa hujabadilisha poti, nyaya za kasi zinashika na kuachia. Kuna jaribio moja ambalo halihitaji kununua chochote: chukua kebo ya simu ya zamani aina ya Micro-USB, iliyo fupi na yenye uwezo wa kupitisha data, uichomeke kwenye ile sehemu kubwa ya soketi pana. Inaingia sawasawa. Diski itafanya kazi kwa mwendo wa USB 2.0, na kama itanakili harusi nzima polepole bila kukatika, umejua kwamba diski yenyewe ni nzima na shida iko kwenye nyaya za kasi, au kwenye lugha inayotumika diski ikiwa kwenye mwendo wa kasi.

Lugha hiyo inastahili aya yake, kwa sababu hapa ndipo wingi wa viini unapogusana kweli na diski. Kwa utaratibu wa zamani, draiva inayoitwa usb-storage hutuma amri moja, husubiri jibu, ndipo hutuma nyingine. Makasha mengi ya diski za USB 3.0 yanajua pia utaratibu mpya unaoitwa UAS, ambao huruhusu amri nyingi ziwe njiani kwa pamoja na diski izijibu kwa mpangilio inaouona unafaa. Chipu nzuri inafaidika nao sana. Chipu hafifu ikiletewa maombi na viini 16 kwa mkupuo inapoteza hesabu, amri moja haijibiwi, na kerneli inaandika mistari yenye neno uas_eh_abort_handler kabla ya kuanza kuweka upya. Ukiliona neno hilo, andika lsusb upate namba mbili za kasha la diski yako, ambazo ni tarakimu nne, nukta pacha, na tarakimu nne nyingine. Tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d yenye mstari options usb-storage quirks=xxxx:yyyy:u, ukiweka namba zako mahali pa herufi hizo, kisha kwenye Ubuntu au Debian endesha sudo update-initramfs -u na uwashe kompyuta upya. Herufi u ya mwisho inaiambia kerneli iachane na UAS kwa kifaa hicho kimoja tu. Utapoteza mwendo kidogo, na hiyo ni bei ninayoilipa bila kusita nikiwa nabeba kumbukumbu za familia ya mtu.

Kama hata utaratibu wa zamani unasumbua, punguza ukubwa wa kila ombi. Kwenye poti ya USB 2.0 kerneli kwa kawaida hutuma hadi sekta 240 kwa ombi moja, yaani kilobaiti 120. Ukiwa mtumiaji mkuu (root) unaweza kuandika echo 64 > /sys/block/sdb/device/max_sectors, ukaanza kunakili tena. Yapo makasha ya zamani ambayo yalipona kwa hatua hiyo peke yake.

Linabaki suala la interapti, yaani ombi ambalo kifaa hulipeleka kwa prosesa kusema "nina jibu, njoo ulichukue". Andika cat /proc/interrupts. Utaona jedwali lenye safu moja kwa kila kiini, na mstari wenye jina xhci_hcd au ehci_hcd ndio wa USB. Kwenye mashine za mtumba za ofisi kubwa hutokea poti za USB 2.0 zikagawana laini moja ya interapti na kifaa kingine kisicho na adabu. Kerneli ikihesabu interapti 100,000 na kukuta karibu zote hazina mwenyewe, inaandika "nobody cared" na kuifunga laini hiyo. Kuanzia hapo diski haikatiki, bali inatambaa, na mtu anaweza kusubiri saa nzima kwa kazi ya dakika tano. Dawa yake ya kwanza ni kuhamia poti nyingine iliyo kwenye mstari tofauti wa jedwali, na ya pili ni kuweka toleo jipya la BIOS, yaani programu inayoiwasha mashine, la mashine hiyo.

Ukishapita kote huko bila mafanikio, ndipo uwatuhumu maprosesa, na namna ya kuwajaribu ipo. Kompyuta inapowaka, kwenye orodha ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza mwishoni nr_cpus=1, kisha bonyeza F10. Mashine itawaka na kiini kimoja kwa safari hiyo tu. Watu wengi hutumia neno nosmp badala yake, nami siwashauri, kwa kuwa neno hilo huzima pia njia ya kisasa ya kugawa interapti, ukajikuta umebadilisha mambo mawili kwa pamoja na hujui lipi lililokuponya. Rudia kunakili kwa mzigo uleule. Ikiwa diski inakatika hata na kiini kimoja, wingi wa prosesa hauhusiki hata kidogo. Ikiwa inapona, usikimbilie kufurahi: inaweza kuwa umepunguza mzigo tu. Rudisha viini vyote, anzisha kunakili peke yake bila kutoa video, uone. Ikikatika hata hapo, weka kerneli mpya zaidi na ujaribu tena.

Na kila hatua ifanye peke yake. Ukibadilisha kebo, poti na mpangilio wa draiva jioni moja, tatizo litaondoka na baadaye litarudi, nawe hutajua ulilishika wapi.

Jambo moja la mwisho kwako, ambalo nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma nililetewa diski yenye picha pekee za marehemu baba wa familia moja, ikiwa na sekta kadhaa zisizosomeka, nami nikaendesha fsck moja kwa moja juu yake ili kuurekebisha mfumo wa faili. Programu hiyo iliandika masahihisho juu ya diski iliyokuwa inakufa, na picha zilizokuwa bado zinasomeka asubuhi hazikusomeka jioni. Tangu siku hiyo naanza na sudo smartctl -d sat -a /dev/sdb, natazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct (sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (sekta zinazoshukiwa, zinazosubiri hukumu), na mstari wa pili ukiwa na namba iliyozidi sifuri sigusi kitu kingine chochote hadi nimetoa nakala ya diski nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Marekebisho yote nayafanya kwenye nakala. Nawe fanya hivyo.

SWALI: Mheshimiwa Fundi, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, Arusha, na ninatunza kompyuta yenye viini 12 na RAM ya gigabaiti 64 inayohifadhi matokeo na mitihani ya shule. Kila Ijumaa ninanakili folda ya gigabaiti nne kwenye diski ya nje kupitia USB 2.0. Kunakili kunaisha kwa sekunde chache tu, jambo lililonifurahisha mwanzoni, lakini nikiichomeka diski kwenye kompyuta ya mkuu wa shule faili nyingine ni tupu. Nikijaribu kuiondoa kwa utaratibu, dirisha linaganda, na wakati huohuo mfumo unaonyesha mzigo mkubwa ingawa viini vyote vimekaa bure. Je, diski ni mbovu? Mwalimu, Arusha.

JIBU: Nimeshapoa, Mwalimu, na diski yako haina kosa. Jipigie hesabu ndogo. USB 2.0 ilitangazwa ikiwa na megabiti 480 kwa sekunde, lakini kwa diski halisi unapata takriban megabaiti 30 hadi 35 kwa sekunde. Gigabaiti nne kwa mwendo huo zinahitaji takriban dakika mbili. Kama kunakili kumeisha kwa sekunde chache, basi data haijafika kwenye diski. Imekaa kwenye RAM.

Linux hufanya hivyo kwa makusudi ili programu isisubiri kifaa cha polepole. Kwa kawaida inaruhusu data ambayo bado haijaandikwa kufikia asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo, na inaanza kuisukuma kwa bidii ikifika asilimia 10. Kwenye mashine ya gigabaiti 64 kiwango hicho ni zaidi ya gigabaiti kumi, kwa hiyo folda yako yote ya Ijumaa inaingia humo na nafasi inabaki. Viini 12 vinamaliza sehemu yao kwa kufumba na kufumbua. Kinachobaki ni waya mmoja mwembamba wa USB.

Dirisha linaloganda unapoiondoa diski ni mfumo ukimalizia kuandika, nawe ukichomoa hapo unaikata sentensi katikati. Ule mzigo mkubwa huku viini vikiwa bure nao una maelezo: Linux huhesabu katika mzigo hata programu zilizolala zikisubiri diski, zile ambazo amri ya top inaziandika kwa herufi D. Ukitaka kuona kwa macho yako, andika watch grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo mara tu baada ya kunakili. Utaona mamilioni ya kilobaiti yakipungua taratibu, na yakikaribia sifuri ndipo diski iko tayari kuondolewa. Namba ya Dirty inaweza isifike sifuri kabisa kwa sababu mfumo wenyewe una shughuli zake ndogo ndogo.

Kwa kazi yako nashauri mambo mawili. Baada ya kunakili andika sync, usubiri hadi terminali ikurudishie alama yake, kisha iondoe diski kwa utaratibu. Pia punguza kile kiwango ili mstari wa maendeleo uwe unakwambia ukweli: tengeneza faili ndani ya /etc/sysctl.d, jina lake liishie na .conf, uandike vm.dirty_bytes=268435456 kwenye mstari wa kwanza na vm.dirty_background_bytes=67108864 kwenye wa pili, yaani megabaiti 256 na 64. Kunakili kutaonekana kuwa kwa polepole zaidi, kwa kuwa sasa unauona mwendo halisi wa diski. Na kwa kuwa haya ni matokeo ya wanafunzi, linganisha nakala na asili kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kila faili kutokana na kilichomo, kabla ya kuikabidhi diski kwa mkuu wa shule; kabla ya kulinganisha, ichomoe diski na uichomeke tena, la sivyo utakuwa unasoma RAM badala ya diski.

Umeme ukikatika kabla sync haijaisha, hesabu folda yote kuwa haijanakiliwa na uanze upya. Mfumo wa faili wa ext4 una daftari linalouwezesha kurudi ukiwa mzima, lakini daftari hilo kwa kawaida hulinda mpangilio wa mafaili, haliwezi kukurudishia kilichokuwa ndani ya RAM.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina diski mbili za nje kwenye kompyuta yangu ya dukani, Sakina. Asubuhi moja diski ya hesabu inakuwa sdb, asubuhi nyingine inakuwa sdc, na nakala zinaingia kwenye diski isiyo yake. Siku nikisahau kuchomeka mojawapo, kompyuta inakataa kuwaka hadi mwisho. Dada wa duka la vipuri, Arusha.

JIBU: Njema, dada yangu. Majina hayo hayakuahidiwa mtu. Kompyuta inapowaka, vifaa hutafutwa sambamba, na diski inayojibu mapema ndiyo inayochukua jina la mbele. Tofauti ya nusu sekunde katika mota kuanza kuzunguka inatosha kuyageuza. Andika sudo blkid, uchukue ile namba ndefu ya UUID ya kila diski, na kwenye faili ya /etc/fstab uandike UUID= ikifuatiwa na namba hiyo mahali palipokuwa na /dev/sdb1 au /dev/sdc1. Katika safu ya nne ya mstari huohuo, baada ya defaults, weka mkato na neno nofail, ili kompyuta iendelee kuwaka hata diski isipokuwapo. Kabla ya kuizima jioni andika sudo mount -a, uone kama inalalamika. Isiposema neno, hakikisha pia kila diski imefunguka mahali pake, kwa kuwa nofail huinyamazia diski isiyopatikana.

Ila programu yako ya kutoa nakala ielekeze kwenye folda mojawapo ndani ya diski, uliyoitengeneza diski ikiwa imechomekwa, na si kwenye mahali penyewe inapofungukia. Diski isipokuwapo folda hiyo haitaonekana, na programu isiyojitengenezea folda yenyewe italalamika; vinginevyo itaandika nakala zako zote kwenye diski ya ndani, kimya kimya, hadi ijae.